Kufia na Kuaibikia: Fedheha Itokanayo na Upendo katika Riwaya ya Shusaku Endo

Lugha yetu ina njia fupi ya kusema kwamba mtu ametoa uhai wake kwa ajili ya kitu au kwa ajili ya watu: amekifia, amewafia. Tunasema mtu ameifia nchi, mtu ameifia dini, na kutokana na kitenzi hicho Wakatoliki wamepata jina la mfiadini. Lakini tukitaka kusema kwamba mtu ametoa heshima yake, si uhai wake, kwa ajili ya wengine, hapo lugha inatuponyoka. Kuaibikia ni neno linaloweza kuundwa kwa kufuata kanuni za unyambulishaji, wala hakuna mwanasarufi atakayelikataa; ila halimo midomoni mwa watu kwa maana hiyo. Inatubidi kuzunguka: amekubali kuaibishwa kwa sababu ya wenzake. Katika mzunguko huo kuna jambo linalopotea. Makala haya yanakusudia kuisoma riwaya moja ambayo imejengwa mahali pale pale ambapo neno hilo linakosekana.

Riwaya yenyewe inaitwa Chinmoku, yaani Ukimya, nayo ilitolewa Japani mwaka 1966, ikapewa tuzo ya Tanizaki mwaka huo huo. Mwandishi wake, Shusaku Endo, alizaliwa Tokyo mwaka 1923, akabatizwa angali mtoto kwa kumfuata mama yake, akaenda Ufaransa mwaka 1950 kusoma fasihi mjini Lyon, akafariki mwaka 1996. Yeye mwenyewe alipenda kuufananisha Ukristo wake na suti ya Kizungu aliyovishwa na mamaye, suti isiyomkaa vizuri mwilini, ambayo ilimbidi kuishona upya kwa miaka mingi ili impate. Msomaji wa Kongo hahitaji maelezo marefu juu ya mfano huo. Sisi tulioisoma riwaya hiyo kwa Kifaransa, pamoja na wanafunzi wetu, tumekuwa na suti zetu.

Hadithi inategemea mambo yaliyotukia kweli. Mnamo mwaka 1614 watawala wa Japani walipiga marufuku Ukristo nchini kote na kuwafukuza wamisionari. Mwaka 1633 Cristóvão Ferreira, Mjesuiti Mreno aliyekuwa mkubwa wa wenzake huko, alitundikwa kichwa chini ndani ya shimo, na baada ya saa chache akaikana imani. Habari hiyo iliwatikisa Wajesuiti wa Ulaya kuliko habari ya vifo vingi. Katika riwaya, mapadri wawili vijana, Sebastian Rodrigues na Francisco Garrpe, wanakata shauri kwenda Japani kwa siri kumtafuta mwalimu wao Ferreira, kwa maana hawawezi kusadiki kwamba mtu kama yule ameikana dini. Wanafichwa na wanakijiji maskini. Wawili kati ya wanakijiji hao, Mokichi na Ichizo, wanafungwa kwenye misalaba ufukoni mpaka maji ya bahari yanawamaliza polepole. Garrpe anazama akiwaogelea Wakristo waliotupwa baharini wakiwa wamefungwa katika mikeka. Rodrigues anakamatwa, akiwa amesalitiwa na Kichijiro, mwoga ambaye anaikana imani kila anapotishwa na kurudi kuomba maungamo kila hofu inapompita.

Tufike kwenye usiku ambao riwaya nzima inauelekea. Rodrigues amefungiwa katika chumba cha giza, anangojea mateso. Amejitayarisha, tangu mwanzo wa safari amekuwa akiutazama moyoni uso wa Kristo na kuiwazia saa yake mwenyewe kwa namna ya utukufu. Nje anasikia sauti kama ya mlinzi anayekoroma, naye inamchukiza kwamba mtu anaweza kulala fofofo wakati mwingine anapoingia katika saa kubwa kama ile. Ndipo Ferreira anamwambia kwamba hiyo si sauti ya kukoroma. Ni wakulima Wakristo waliotundikwa vichwa chini mashimoni, wamechanjwa kidogo nyuma ya masikio ili damu itoke tone kwa tone na kifo kisifike mapema. Nao wamekwisha kuikana imani. Hawatafunguliwa mpaka yeye padri aikanyage sanamu ya Kristo. Alfajiri Rodrigues anainua mguu wake, na anaposhusha mguu huo jogoo anawika.

Kabla ya kuuliza kama alitenda vema, tuyatazame kwanza maneno ambayo Kiswahili kinatupa kwa ajili ya kulieleza tendo hilo, kwa sababu hukumu nyingi tulizozisikia darasani zilikuwa zimejificha ndani ya uchaguzi wa neno. Mahubiri yetu yanapenda neno mateso. Mateso ni neno pana: linabeba maumivu ya mwili na uonevu wa mtesaji pamoja. Lakini halibebi aibu. Mtu anaweza kuteswa na kubaki na heshima yake yote. Tena mara nyingi mateso ndiyo yanayomwongezea heshima, na jina lake litapewa parokia na shule. Kwa upande wa pili tunayo aibu, fedheha, unyonge, udhalili. Na watu wa Lubumbashi, ambao kwao hisia nyingi husikika kama njaa na baridi zinavyosikika, wanasema mtu anasikia haya. Msemo huo una ukweli wake, kwa sababu fedheha haiko katika mwili wa anayefedheheshwa peke yake. Inahitaji macho ya watu wengine, na inasikika kupitia macho hayo. Maumivu hufika mwisho mtu anapokufa, bali fedheha huendelea kuishi katika vinywa vya waliobaki.

Maandiko ya Kikristo yanaijua tofauti hiyo kuliko mahubiri yetu. Barua kwa Waebrania, inapotaja msalaba katika sura ya 12, inataja aibu yake, wala haitosheki na kutaja uchungu wake. Msalaba katika utawala wa Warumi ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, na shabaha yake ilikuwa kumwonyesha mtu akiwa uchi mbele ya njia ya watu. Paulo, akiwaandikia Wagalatia, anasema Kristo alifanyika laana; hakutumia neno la heshima. Na katika wimbo ulio katika sura ya 2 ya Barua kwa Wafilipi, Biblia ya Kiswahili inatumia kitenzi ambacho kinastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa sarufi: alijinyenyekeza. Kiambishi -ji- kinamweka mtenda na mtendewa katika mtu mmoja. Hakuna mwingine aliyemshusha; ni yeye aliyejishusha. Lakini tunajua pia kutoka katika masimulizi ya Injili kwamba alikamatwa, alifungwa, alitemewa mate, alivuliwa. Huko kote ni -w- inayotawala. Fumbo la Kikristo kuhusu fedheha, likitazamwa kwa jicho la sarufi, ni hili: kwamba vitendo vyote vya -w- vilibebwa ndani ya kitendo kimoja cha -ji-.

Swali letu kuhusu Rodrigues basi linaweza kuulizwa kwa Kiswahili kwa namna ambayo Kifaransa hakituruhusu kwa urahisi huo. Je, alijidhili au alidhiliwa?

Wasomaji wanaomtetea husema alijidhili. Aliacha kitu kilichokuwa kikubwa kwake kuliko uhai, yaani sura yake mwenyewe ya padri mwaminifu, akakubali kuitwa mwasi na Kanisa lake, ili watu watatu au wanne wafunguliwe kamba. Kama angeukubali ufiadini, wangekufa wao na yeye angepata taji. Ferreira analisema jambo hilo kwa ukali: kwamba padri anajiona yeye kuwa muhimu kuliko wale walio mashimoni, na kwamba Kristo mwenyewe angeliikana dini kwa ajili yao. Tena sanamu yenyewe, uso wa shaba uliochakazwa na miguu ya watu wengi, inasema naye na kumruhusu akanyage. Ikiwa uso huo uliletwa duniani ili ukanyagwe na watu, basi mguu wa Rodrigues haukuufanyia jambo geni.

Hoja hii ina nguvu, nasi hatutaki kuipita haraka. Hata hivyo tunaona kwamba Endo mwenyewe ameiwekea kizuizi, nacho ni jogoo. Kama mwandishi angetaka kumwondolea mhusika wake hatia, asingemleta jogoo pale. Kila Mkristo anamjua ndege huyo: ni jogoo wa Petro, na Petro hakumkana Bwana wake kwa sababu ya upendo, alimkana kwa sababu ya woga mbele ya mjakazi na moto wa makaa. Kwa kumfanya jogoo awike, Endo anatuambia kwamba tendo lile lilikuwa la upendo na lilikuwa ukanaji, yote mawili kwa wakati mmoja, na kwamba la kwanza halikulifuta la pili. Hapo ndipo fedheha inapokuwa fedheha ya kweli. Mtu anayejua moyoni kwamba ametenda vema na anasingiziwa tu, huyo ameonewa. Bado ana ngome ya kukimbilia. Rodrigues hana ngome. Hajui.

Fani ya riwaya inaunga mkono usomaji huu, na kwa maoni yetu hapo ndipo ustadi wa Endo ulipo, kuliko katika mazungumzo marefu ya kitheolojia ambayo, tuseme kweli, yanachosha mahali pengine. Baada ya dibaji, sura za mwanzo ni barua za Rodrigues mwenyewe: anasema mimi, ana msomaji wake huko Ulaya, ana ufasaha. Akisha kukamatwa, barua zinakoma na msimulizi wa nafsi ya tatu anashika hadithi. Mwishoni tunapewa kumbukumbu za karani wa kampuni ya Waholanzi huko Nagasaki, kisha daftari la afisa anayelinda makao walimofungwa Wakristo wa zamani huko Edo. Humo padri ni jina la Kijapani alilopewa, Okada San'emon, pamoja na mke aliyepewa na posho aliyopangiwa. Kutoka nafsi ya kwanza hadi nafsi ya tatu, na kutoka nafsi ya tatu hadi orodha ya matumizi: riwaya inamvua mhusika wake sauti hatua kwa hatua, jinsi mahakama inavyomvua mtu nguo. Msomaji anayeruka daftari hilo la mwisho kwa kudhani ni nyongeza kavu, ameikosa fedheha yenyewe.

Kwa upande wa theolojia, Rodrigues si wa kwanza. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 32, Musa anamwomba Mungu awasamehe watu waliofanya ndama ya dhahabu, la sivyo jina lake yeye lifutwe katika kitabu. Paulo naye, katika sura ya 9 ya Barua kwa Warumi, anasema angetamani yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Hao wawili walikuwa tayari kupoteza mbele ya Mungu, wala si mbele ya watu peke yake. Lakini Musa hakukubaliwa ombi lake, na Paulo alisema kwa namna ya kutamani tu. Endo amechukua tamaa hiyo ambayo Maandiko yaliiacha katika hali ya ombi, akaifanya tendo lililotimizwa, asubuhi fulani, uani, mbele ya makarani. Ndiyo sababu Wakatoliki wengi wa Japani walikasirika riwaya ilipotoka. Hawakukosea kuona kwamba kuna kitu kimevukwa. Wazee wao waliishi zaidi ya miaka mia mbili bila padri, wakiitunza imani kwa siri, wengi wao wakiikanyaga sanamu ile kila mwaka na kurudi nyumbani kuomba toba. Jambo ambalo kwa padri Mreno lilikuwa kilele cha hadithi, kwao lilikuwa desturi ya kila mwaka.

Hapa tunaingia katika lawama tuliyo nayo dhidi ya riwaya hii, nayo ilianzishwa na mwanafunzi mmoja katika semina yetu. Alikuwa amekaa kimya saa nzima wenzake wakishindana kuhusu dhamiri ya padri, kisha akauliza: wale walio mashimoni, nani aliwauliza wao? Swali hilo lilitunyamazisha. Ni kweli kwamba wakulima wale wamekwisha kuikana dini. Wamekwisha kufedheheka kabla ya padri, tena mara nyingi, na ukanaji wao haukuwafaa kitu. Fedheha ya padri ina kurasa mia mbili, ina sauti ya Mungu, ina jogoo. Fedheha yao ina mlio unaofananishwa na kukoroma. Endo, ambaye anajua vizuri jinsi mtu anavyonyang'anywa sauti, hakuwapa hao sauti hata kidogo. Hawana majina usiku ule. Mokichi na Ichizo, waliokufa kwa heshima, wana majina. Walioikana na wanaendelea kuteswa hawana. Hivyo riwaya inayotaka kuushinda ukubwa wa ufiadini inarudia, pasipo kujua, daraja lile lile la heshima.

Na kuna jambo zito zaidi. Inoue, mtawala anayesimamia mateso, ameelewa kwamba upendo wa padri ndio mshipi wa kumvulia. Amewatesa wengine ili kumvunja mmoja. Katika mpango kama huo mtu hajidhili, anadhiliwa. Na -ji- anayodhani ni yake imeandaliwa na mwingine tangu zamani. Hatusemi hivyo ili kumlaumu Rodrigues kwa kuinua mguu. Tunasema hivyo ili sifa za tendo lake zisimfunike yule aliyelitega. Katika nchi yetu tahadhari hiyo si ya vitabuni. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999, imewapokea maelfu ya wanawake ambao miili yao ilitumiwa kama silaha, mara nyingi mbele ya waume na watoto wao, ili jamaa nzima isikie haya. Daktari Denis Mukwege, aliyeianzisha, alipewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Mhubiri atakayesimama mbele ya wanawake hao na kuusifu unyenyekevu, bila kutofautisha -ji- na -w-, atakuwa anamfanyia kazi mtesaji. Tumewasikia wahubiri wa namna hiyo.

Je, basi fedheha ya upendo haipo? Ipo, nasi tunao mfano wa karibu, ingawa haufanani na ule wa Endo. Isidore Bakanja alikuwa kijana Mkristo, boi wa Mzungu, katika kituo cha kampuni moja ya Kibelgiji huko Ikili, katika Ekwateri ya wakati wa ukoloni. Mwanzoni mwa mwaka 1909 msimamizi wa kituo aliamuru apigwe kwa sababu hakutaka kuivua skapulari shingoni, kitambaa kidogo tu. Alilazwa chini mbele ya watu na kupigwa kwa mjeledi wa ngozi uliotiwa misumari, mpaka mgongo ukawa jeraha moja, nalo lilioza. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, na Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Fedheha ya Bakanja hakuichagua. Hakuna -ji- yoyote katika kulazwa chini na kuchapwa. Lakini katika miezi ile ya kuoza alisema kwamba atamwombea Mzungu yule atakapofika mbinguni. Alipewa fedheha, naye akakataa kuipitisha kwa mwingine. Iliishia kwake.

Tofauti na Rodrigues ni kubwa. Upendo wa Rodrigues unawaendea wanaoteswa pamoja naye, na bei yake ni ukanaji. Upendo wa Bakanja unamwendea mtesaji mwenyewe, na bei yake ni kubaki na kitambaa shingoni. Mmoja alipoteza jina lake, mwingine alilipata. Hatuoni sababu ya kumtumia mmoja kumhukumu mwenzake. Ila tunaona kwamba Bakanja anatufundisha kuisoma upya sehemu ya riwaya ambayo wahakiki huipita: kurudi kwa Kichijiro. Baada ya Rodrigues kukanyaga sanamu, Kichijiro, aliyemwuza, anamjia tena kutaka maungamo. Rodrigues amemdharau mtu huyo tangu ukurasa wa kwanza. Ananuka, analalamika, hana hata uovu wa kutosha kumfanya Yuda. Sasa wote wawili wamekanyaga. Na Rodrigues, asiye na haki tena mbele ya Kanisa, anamsikiliza na kumwondolea dhambi. Kwetu sisi hapo ndipo kitenzi kuaibikia kinapopata maana yake, kuliko uani alfajiri ile. Uani alishuka kwa ajili ya watu ambao hakuwaona. Hapa ameshuka mpaka kulingana na mtu anayemchukia, na hakuna mtawala aliyempangia hilo.

Tumalizie na neno moja kuhusu filamu, maana wanafunzi wengi wameijua hadithi hii kupitia Martin Scorsese, aliyeitoa mwaka 2016. Ni kazi ya heshima. Lakini mwishoni, Rodrigues akiwa maiti katika jeneza lake, kamera inaingia hadi mikononi mwake na kutuonyesha msalaba mdogo uliofichwa humo. Mtazamaji anashusha pumzi: kumbe alikuwa mwaminifu wakati wote! Msalaba huo haumo katika kitabu. Filamu imemrudishia mhusika heshima ambayo mwandishi alikuwa amemnyima kwa makusudi, kwa sababu ni vigumu kwetu kuketi saa mbili na nusu mbele ya mtu aliyeaibika na kuondoka bila kupewa ushahidi wa siri kwamba hakuaibika kweli. Endo hakutoa ushahidi huo. Katika kitabu chake ukurasa wa mwisho ni wa afisa wa ngome, anayeandika ni nani alihudhuria mazishi na fedha kiasi gani zilitumika.